Doreen, Mtu wa Nyuma

Katika bonde la Asker, huko Yorkshire, hakuna aliyemuuliza mwenzake Jumatano jioni ana shughuli gani. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, ilijulikana. Saa kumi na mbili na robo watu walikutana kwenye daraja la Skelby, wakakaza kamba za buti, wakapanda mlima kupitia mashamba ya kondoo, wakazunguka maili tano au sita, na kabla giza halijaingia wakawa wamerudi kijijini kwa njia nyingine, moja kwa moja hadi baa ya Kondoo Dume. Mvua haikuwazuia, upepo haukuwazuia. Wengine walisema wanatembea kwa ajili ya moyo na mapafu, wengine kwa ajili ya kuona milima. Wilf Raistrick yeye alisema bila haya kwamba anatembea kwa ajili ya bia, maana bia ya mtu aliyeshinda kitini haina ladha.

Mbele ya msafara alitembea Gerald Thwaite, mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye ramani iliyoning'inia kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Gerald aliijua kila njia ya bonde lile, na kama kulikuwa na mtu ambaye hakuijua sifa yake hiyo, Gerald mwenyewe alimjulisha.

Nyuma kabisa alitembea Doreen Metcalfe.

Doreen alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Miaka ishirini na tisa alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya Skelby, na tangu alipostaafu, yaani miaka kumi na moja sasa, alikuwa ndiye mtu wa nyuma wa msafara. Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Mtu wa nyuma hufunga malango ili kondoo wasitoke. Humsubiri aliyeingia nyuma ya ukuta kujisaidia. Humsubiri aliyeingiwa na kijiwe ndani ya buti. Na kila msafara unapovuka ukuta, pale kwenye ngazi za mawe wanazoziita vivukio, mtu wa nyuma huhesabu vichwa, akatupa jicho kwenye saa yake, ndipo naye akavuka. Doreen hakuandika chochote. Aliweka kichwani tu, kama alivyokuwa akiweka kichwani ni mtoto gani hali mayai na ni yupi anayeficha karoti mfukoni.

Jumatano moja ya Juni, watu walipokuwa bado darajani, Gerald aligonga fimbo yake kwenye jiwe.

"Jamani, nisikilizeni kidogo. Kamati imekaa."

"Kamati ni nani?" aliuliza Wilf.

"Mimi na Brenda."

"Watu wawili! Hiyo siyo kamati, hiyo ni chai."

Watu walicheka, na Brenda, aliyekuwa mtunza maktaba na mpole kama kondoo, akawa mwekundu. Gerald alingoja kicheko kiishe.

"Mara mbili mwezi huu tumefika baa jiko limefungwa. Pauline anafunga jiko saa tatu kasorobo, na hana simile. Tumekula karanga za pakiti, watu wazima, baada ya kutembea maili sita. Kwa nini? Kwa sababu kila kivukio tunasimama kumsubiri mtu wa nyuma ahesabu. Kwa hiyo kuanzia Julai hatutakuwa na mtu wa nyuma. Kila mtu ajiangalie. Siku hizi kila mtu ana simu."

"Simu?" Wilf alisema. "Kule juu? Kule juu simu yangu haifai hata kuponda njugu."

"Hakuna ubaya wowote, Doreen," Gerald aliendelea, akimtazama kwa mara ya kwanza. "Unajua sote tunakuheshimu."

Doreen alihisi uso unamwaka moto. Alitaka kusema jambo, na jambo lenyewe alikuwa nalo, lakini mama yake alimlea katika mila za bonde lile, ambako mtu kujitetea ni sawa na kujisifu, na kujisifu ni sawa na kuiba. "Sawa," alisema. Akafunga zipu ya koti lake la njano, lile la mtu wa nyuma, na msafara ukaondoka. Walikuwa kumi na tano, bila kumhesabu yeye.

Jioni ilikuwa safi. Jua la Juni kule halina haraka ya kuzama, na nyasi za malishoni zilikuwa zimefika magotini. Wana-kondoo, waliokwisha kunenepa, waliwakimbilia mama zao na kuwapiga vichwa matumboni wakitaka maziwa. Doreen alitembea peke yake nyuma. Miaka kumi na moja! Angalau Gerald angemwita pembeni. Lakini hata alipokuwa akinung'unika moyoni, macho yake hayakuacha kazi. Aliona Brenda anabadilisha begi bega, maana yake mgongo umeanza tena. Aliona mapacha wa kina Horner, wanaume wa miaka hamsini wenye duka la vyuma, leo wanatembea kila mmoja kivyake, maana yake wamegombana. Nyuso za watu hawa alizikuta baa, kama kila mtu. Migongo yao, hiyo aliijua peke yake.

Karibu naye zaidi alitembea Wilf. Wilf hakuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa na miaka sabini na minne, amejenga nusu ya kuta za bonde lile, zile kuta za mawe matupu yasiyoshikwa na saruji, na alichelewa kwa sababu hakuweza kupita ukuta bila kuukagua. Ukuta alioujenga yeye aliupapasa kama mtu anavyompapasa farasi wake. Ukuta wa mtu mwingine aliutukana.

"Tazama hii, Doreen. Aliyejenga hapa alikuwa amefunga macho."

"Labda alikuwa na haraka."

"Basi angeenda kuuza samaki."

Walivuka kivukio cha Hollin. Wilf alipanda zile ngazi kama paka, akaruka upande wa pili, akampa Doreen mkono. Doreen alihesabu: kumi na tano. Alitazama saa: saa moja na dakika tano.

Robo saa baadaye walifika kwenye lango la zizi la zamani, juu kabisa, mahali ambapo njia inaanza kuteremka kurudi kijijini. Wengine walikwisha kupita. Wilf alinyoosha mkono kulifunga lango, na mkono ukakosa komeo. Ukafumba hewa. Alicheka, akajaribu tena, akalipata.

Doreen hakucheka. Mkono wa mjenzi wa kuta haukosi kitu. Alitazama saa: saa moja na dakika ishirini. Kisha akamwacha Wilf atangulie hatua kumi, akasikiliza. Buti la kulia lilisema *tap*. La kushoto lilisema *kwaru*. Tap, kwaru. Tap, kwaru. Palipokuwa na tope aliinama, akaona ncha ya buti la kushoto imechora mstari, kama mtu aliyekokota fimbo.

"Wilf. Mguu wako una nini?"

"Una soksi."

"Nakuuliza kweli."

"Doreen, kama unataka kuniangalia miguu, niambie nije na kaptula."

"Simama kidogo."

"Nikisimama jiko litafungwa, na Gerald atanila mimi badala ya pai."

Akaendelea kutembea. Tap, kwaru. Doreen alichomoa filimbi iliyokuwa shingoni mwake, ambayo katika miaka kumi na moja aliipiga mara mbili tu, akaipiga. Chini kule watu wakageuka. Gerald akapanda kilima kwa hatua ndefu, uso umekunjamana.

"Nini tena? Nani kapotea?"

"Hakuna aliyepotea. Wilf hatembei sawasawa."

"Nani hatembei sawasawa?" Wilf aling'aka. "Nimetembea mlima huu kabla wewe hujaota meno."

Watu wakawazunguka. Kila mtu nchini mle ameona kwenye televisheni namna ya kumpima mtu mwenye kiharusi, na kila mtu sasa akawa daktari. Wakamwambia Wilf ainue mikono miwili; akaiinua, yote sawa. Wakamwambia atabasamu, akatoa meno yote aliyobakiwa nayo. Wakamwambia aseme maneno.

"Gerald Thwaite ana miguu ya korongo na akili ya kuku," alisema Wilf, wazi kabisa, hakuna herufi iliyopotea.

Kicheko kikapanda hadi juu ya zizi. Hata Gerald alijikuta anatabasamu.

"Mzima huyu, mpenzi," Brenda alimwambia Doreen taratibu, akimgusa kiwiko. "Umechoka labda. Kwa yale ya darajani, sikulaumu."

"Kutoka hapa hadi baa ni maili tatu tu, tena mteremko," Gerald alisema. "Akapumzike pale, glasi mkononi. Twendeni."

Watu wakaanza kugeuka. Hapo ndipo Doreen alipoona mambo mawili waziwazi. La kwanza, akikosea, kijiji kizima kitamcheka hadi Krismasi, na watasema alifanya vile kwa kisirani kwa sababu ya koti lake la njano. La pili, kwa miaka kumi na moja alitembea nyuma ya mtu huyu, kwenye mvua na kwenye jua, na Wilf Raistrick hajawahi kukokota mguu. Mikono na meno waliyopima wao hakuyajua. Mguu aliujua.

Akapiga moyo konde.

"Hashuki mtu!"

Sauti ile haikuwa imetoka kifuani mwake tangu alipostaafu. Ndiyo sauti iliyokuwa ikinyamazisha watoto mia na arobaini bwaloni siku za samaki. Mapacha wa kina Horner, ambao walikula chakula chake utotoni, walisimama wima kama wamepigwa misumari.

"Wilf, kaa chini. Hapo, uegemee ukuta. Usinijibu, kaa. Gerald, hapa hakuna mtandao. Nyumba ya karibu ni kwa Ruth Alderson. Wewe ndiye mwenye miguu kutushinda sote. Kimbia, piga simu kwake, waambie ni kiharusi, kisha mwambie Ruth alete pikapu mpaka hapa."

"Na kama si kiharusi?"

"Kama si kiharusi mtanicheka, na mimi nitakuwa wa kwanza kucheka. Nenda. Na waambie hivi: saa moja na dakika tano alivuka Hollin, mzima. Saa moja na dakika ishirini, lango la zizi, mguu wa kushoto. Rudia."

Gerald alimtazama. Hakuna aliyewahi kumwambia arudie kitu tangu alipokuwa na suruali fupi. "Saa moja na dakika tano, Hollin, mzima," alisema. "Saa moja na dakika ishirini, lango la zizi, mguu wa kushoto."

"Usizisahau."

Na Gerald Thwaite, mwenye miaka sitini na tisa, akatupa fimbo yake kwenye majani akakimbia. Aliteremka ule mlima kama mbuzi, ramani ikimpiga kidevuni.

Wilf alikuwa amekaa, lakini alikuwa amevimba kwa hasira. "Umenifanya mtoto mbele za watu, Doreen. Sitakusahau kwa hili."

"Usinisahau. Huu ukuta nani kaujenga?"

"Nani mwingine? Mimi na baba yangu."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule wa baridi kali, mto ulipoganda. Baba alikuwa na jiwe moja..."

Maneno yakaanza kulegea. Yalitoka yameteleza, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, na yeye mwenyewe akayasikia. Alinyamaza. Akajaribu tena, na pembe ya kushoto ya mdomo wake ikashuka mbele ya macho ya watu wote. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kwenye majani, kiganja juu, kama kitu ambacho mtu amekidondosha. Wilf aliutazama ule mkono, kisha akamtazama Doreen, na hasira yote ilikuwa imemtoka. Kilichobaki ni hofu.

Brenda alijiziba mdomo.

Doreen alivua koti lake akamfunika. Akaketi kwenye majani, akamvuta Wilf amuegemee, akaushika mkono wake wa kulia. Ulikuwa mgumu kama gome.

"Wanakuja," alisema. "Usihangaike kusema. Mimi nitasema. Unajua mimi nikianza sinyamazi."

Akaongea. Alimweleza habari za watoto wa shule, za yule aliyekwama kichwa ndani ya sufuria, za mkaguzi aliyekula pudini tatu kisha akaandika kwamba ina sukari nyingi. Aliongea kwa dakika kumi na tano, sauti haikutikisika, mpaka waliposikia pikapu ya Ruth Alderson ikikoroma kupanda mlima, na Gerald amesimama nyuma amekamata vyuma, jasho linamtiririka.

Mapacha wa kina Horner walimbeba Wilf, mmoja huku, mmoja huku, ugomvi wao wameusahau. Gari la wagonjwa lilimkuta uani kwa Ruth saa mbili na dakika kumi. Kijana wa gari lile aliuliza lilianza saa ngapi, na Gerald akajibu kabla Doreen hajafungua mdomo. Akajibu neno kwa neno.

Msafara ulishuka kijijini. Doreen alifunga kila lango. Kwenye kivukio cha mwisho alihesabu, na hesabu ikaja kumi na nne. Aliona kila mtu amesimama upande wa pili wa ukuta akingoja amalize. Siku hiyo hakuna aliyetaja jiko.

Asubuhi ya Alhamisi Marjorie, mke wa Wilf, alipiga simu kusema mumewe yu hai. Hakusema zaidi, alikuwa akilia. Siku zikapita, habari zikaja vipandevipande: amekula uji, amemtukana muuguzi, amesogeza vidole. Jumatano iliyofuata walitembea kama kawaida, na hakuna aliyesema lolote juu ya Julai. Walipofika Kondoo Dume walimkuta Marjorie amekaa karibu na meko. Pauline mwenye baa alikuwa amekwisha kumwekea glasi ya divai ambayo Marjorie hakuigusa.

Marjorie alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alisimama, na baa yote ikanyamaza, hata wale waliokuwa wakirusha mishale ubaoni.

"Nimetoka hospitali," alisema. "Mguu utachelewa, lakini utarudi. Mkono umesharudi. Mdomo, mnamjua, haukwenda mbali."

Watu wakapumua, wakacheka.

"Daktari wake ni binti mdogo, ningeweza kumzaa mama yake. Alinieleza. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu kichwani, lakini hawathubutu kuitoa wasipojua ugonjwa ulianza saa ngapi. Ukipita muda, dawa hiyohiyo inaweza kukuua. Anasema watu wanawaleta wagonjwa wao, wakiulizwa wanasema labda mchana, labda alipoamka, hatujui. Huyu binti akanionyesha karatasi waliyoiandika watu wa gari, ndiyo iliyowafanya wampe Wilf dawa. Hollin, saa moja na dakika tano, mzima. Lango la zizi, saa moja na dakika ishirini, mguu wa kushoto. Akaniuliza, mama, nani alikuwa anamwangalia huyu mzee namna hii? Ni daktari mwenzetu? Ni muuguzi?" Marjorie alimeza mate. "Nikamwambia, hapana. Ni mpishi wa shule."

Macho yote yakamgeukia Doreen.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa sababu mtu wa nyuma ndiye anayeingia mwisho, na bado alikuwa na tope hadi magotini. Mdomoni jibu lilikuwa tayari. Katika bonde lile jibu la sifa ni moja tu, na mama yake alilijibu, na bibi yake alilijibu: si kitu, mtu yeyote angefanya. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Doreen akaona kwamba si kweli. Watu kumi na wanne walikuwepo, wenye macho mazima, na hakuna hata mmoja aliyeona. Kwa nini aseme uongo mbele ya mke wa mtu?

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Mimi niliona."

Alisema vile kichwa juu. Marjorie akavuka baa nzima akamkumbatia, naye Doreen, ambaye hakuwahi kukumbatiwa hadharani tangu siku ya harusi yake, akajiacha. Mtu akaanza kupiga meza kwa kiganja. Mapacha wa kina Horner wakafuata, kisha Pauline kwa chupa nyuma ya kaunta, mpaka glasi zikalia kwenye rafu. Doreen alilia kidogo, lakini hakuinamisha uso.

Kelele zilipotulia, Gerald alikuja mbele yake. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Kamati imekaa," alisema.

"Na nani?" mtu akauliza kutoka pembeni.

"Peke yangu, usiku kucha, kwa wiki nzima." Hakuna aliyecheka, naye hakuwa anatania. "Doreen, mimi nilimpima mkono na meno nikasema ni mzima. Ningemtembeza zile maili tatu. Nilikuwa pale na sikuona kitu."

Doreen angeweza kumpunguzia. Wengi walitegemea ampunguzie, ndiyo adabu.

"Ndiyo," alisema. "Hukuona." Kisha, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli, akaongeza, "Lakini ulikimbia, Gerald. Sijapata kuona mzee anakimbia vile. Na zile saa hukuzisahau."

Gerald akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia, akaivua tena. "Pauline!" aliita, sauti imemkauka. "Huyu bibie apewe pai ya kwanza. Kuanzia leo, jioni zote, pai ya kwanza itakuwa yake."

"Na jiko nitalifunga saa tatu na nusu," Pauline alijibu. "Ila asiniambie mtu kwamba nimelainika."

Wilf alitoka hospitali Agosti. Majani yalipopukutika alikuwa anatembea uani kwa fimbo, akiutukana mguu kama alivyotukana kuta za watu. Majira ya baridi yakapita. Mei iliporudi, kikundi kikakutana tena darajani, na sasa kulikuwa na utaratibu mpya ambao Gerald aliutangaza kwa sauti ya mpima ardhi: kila Jumatano mtu mmoja atatembea nyuma pamoja na Doreen, ajifunze. Na wa kwanza kujifunza alikuwa yeye mwenyewe. Ramani akampa Brenda.

Ilimpa taabu. Nusu saa ya kwanza alipiga hatua ndefu, akajikuta yuko katikati ya watu, akarudi, akajikuta tena katikati.

"Tulia," Doreen alimwambia. "Hapa hakuna pa kufika."

"Sasa ninafanya nini?"

"Unatazama. Nani anaumwa leo?"

Gerald alikodoa macho. Watu kumi na sita walikuwa wametanda kwenye malisho mbele yao, koti jekundu, koti la buluu, kofia, fimbo. "Hakuna," alisema. "Wote wazima."

"Tazama tena."

Wakatembea. Wakavuka ukuta mmoja, wakavuka wa pili. Doreen hakumsaidia. Alikuwa na subira ya mtu aliyewafundisha watoto wa watu wengine kula kabichi. Walipokaribia kivukio cha tatu, Gerald alipunguza mwendo.

"Yule mama mgeni," alisema taratibu. "Mwenye begi la kijani. Anakanyagia upande wa nje wa mguu. Kila akishuka anakanyagia upande wa nje."

"Kwa nini?"

"Kiatu kipya. Kimemchubua kisigino. Anaona haya kusema."

"Sasa?"

Gerald aliharakisha mbele, akamfikia yule mama, akamwonyesha jiwe la kukalia, akapiga goti moja kwenye majani huku akichakura begini akitafuta plasta. Doreen alimsikia akimwambia kwamba hakuna haraka yoyote, kwamba jiko liko wazi hadi saa tatu na nusu. Alisimama na kumtazama mzee yule mwenye kiburi akifunga kisigino cha mtu, na kifua chake kikajaa.

Walifika Kondoo Dume jua likiwa bado juu ya kilima. Wilf alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amekuja kwa barabara na fimbo yake, Marjorie pembeni.

"Thwaite!" alipaza sauti. "Umekuwa wa mwisho! Nimeishi kuona hili!"

"Nyamaza, nahesabu," Gerald alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kidole juu, akiwahesabu waliokuwa wakiingia mmoja mmoja, midomo ikichezacheza.

Doreen alikuwa amekwisha kuwahesabu mara mbili. Alimwacha amalize mwenyewe, akampa Wilf mkono ainuke, na wote wawili wakaingia ndani.